Kiota cha Lugha: Mafunzo kwa Sharika Zetu Kutoka kwa Wakristo wa Pasifiki Walioko Nyuzilandi



Katika vikao vya kamati za sharika tulivyohudhuria, swali moja limekuwa likijirudia. Wajumbe wanauliza: kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na shule za msingi za Serikali zina madarasa hayo, kuna haja gani kwa usharika kuendelea kubeba mzigo wa chekechea? Wengine wanaona jengo lile lingefaa zaidi kupangishwa. Wengine wanashauri chekechea ibaki, lakini ibadilishwe kuwa ya Kiingereza ili ivute wazazi wenye uwezo wa kulipa.

Swali hilo ni la haki, na hatupendi kulijibu kwa haraka. Ila kuna jambo dogo tulilolishuhudia katika usharika mmoja wa milimani. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameandikwa katika daftari la mwalimu kuwa "hajui kuhesabu, haongei". Asubuhi hiyo bibi yake alikuja kumletea sweta. Bibi alipoketi naye kwenye ngazi za kanisa na kumwekea punje za mahindi mkononi, mtoto alizihesabu kwa lugha ya nyumbani hadi ishirini bila kukosea. Mwalimu alikuwa amesimama karibu. Kwa kuwa hakutoka eneo lile na hakuielewa lugha hiyo, ilibidi bibi amweleze mjukuu wake alikuwa akisema nini.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni watoto wangapi tumewaandika hivyo. Tulianza kutafuta habari za makanisa mengine yaliyowahi kukutana na tatizo la namna hii na kulifanyia kazi kwa muda mrefu. Mfano uliotufundisha zaidi unatoka mbali, kwa Wakristo wa visiwa vya Pasifiki wanaoishi Nyuzilandi. Katika toleo hili tunaueleza mfano huo, pamoja na mafanikio na upungufu wake, kisha tunarudi kwenye swali la kamati zetu.

Wapasifika ni akina nani?

Nyuzilandi ni nchi ya visiwa iliyo kusini mwa Bahari ya Pasifiki. Wenyeji wake wa asili ni Wamaori. Neno "Pasifika" hutumika nchini humo kwa watu ambao asili yao ni visiwa vingine vya bahari hiyo: Samoa, Tonga, Visiwa vya Cook, Niue, Tokelau, Fiji, Tuvalu, Kiribati na vinginevyo. Kwa hiyo si kabila moja. Ni watu wa visiwa vingi wenye lugha na desturi tofauti, ingawa lugha zao nyingi zina undugu, kama zilivyo lugha zetu za Kibantu.

Wengi walihamia Nyuzilandi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hasa kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970, viwanda vilipohitaji vibarua. Watu wa Visiwa vya Cook, Niue na Tokelau ni raia wa Nyuzilandi kisheria. Samoa ilikuwa chini ya utawala wa Nyuzilandi kuanzia mwaka 1914 hadi ilipopata uhuru tarehe 1 Januari 1962.

Hali ya uchumi ilipodorora katika miaka ya 1970, watu hao waliokuwa wameitwa kufanya kazi walianza kuonekana mzigo. Kati ya mwaka 1974 na 1976 polisi walivamia nyumba za Wapasifika alfajiri wakitafuta waliopitiliza muda wa viza. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kwa Serikali kuomba radhi rasmi. Radhi hiyo ilitolewa na Waziri Mkuu Jacinda Ardern tarehe 1 Agosti 2021 mjini Auckland. Tunaitaja historia hii kwa sababu inasaidia kuelewa kwa nini familia nyingi ziliona jengo la kanisa kuwa mahali salama kuliko ofisi yoyote ya Serikali.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2018, Wapasifika walikuwa watu 381,642, sawa na asilimia 8 hivi ya wakazi wote. Takriban theluthi mbili waliishi Auckland, na takriban theluthi mbili walikuwa wamezaliwa Nyuzilandi kwenyewe. Ni jamii ya vijana: nusu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 24, wakati kwa nchi nzima nusu ya watu walikuwa na zaidi ya miaka 37. Kwa hiyo suala la watoto wadogo ni suala kubwa sana katika jamii hiyo.

Kanisa kama kijiji

Mhamiaji wa Kisamoa au Kitonga aliyefika Auckland aliacha nyuma kijiji, wazee wake na uwanja wa mikutano. Kilichochukua nafasi ya kijiji hicho kilikuwa kanisa. Usharika wa Wapasifika ulioanzishwa Newton, Auckland, mwaka 1947 ulikuwa mama wa sharika nyingine nyingi. Si Walutheri kwa sehemu kubwa. Wengi ni wa Kikongregesheni, Kimethodisti, Kipresbiteri na Kikatoliki. Lakini maisha yao ya usharika tungeyatambua mara moja: kwaya, umoja wa akina mama, michango, harambee za ujenzi, na wazee wanaojua kila nyumba.

Samoa pia ina desturi ya zamani ya shule ya mchungaji, iliyotokana na kazi ya wamisionari wa karne ya 19. Watoto walikusanyika kwa mchungaji na mke wake, wakajifunza herufi, kuhesabu, nyimbo na maandiko kwa lugha yao. Kwa hiyo wazo kwamba kanisa ndilo linalomfungulia mtoto mlango wa elimu halikuwa geni kwao.

Wasamoa wana pia sikukuu ya watoto inayoadhimishwa Jumapili ya pili ya Oktoba. Watoto huvaa nguo nyeupe, husimama mbele ya usharika na kusema kwa moyo mistari ya Biblia, na hukaa mezani kabla ya watu wazima. Sisi tunaoadhimisha Siku ya Mikaeli na Watoto kila mwezi Septemba tunaweza kuielewa furaha hiyo. Tunaweza kuelewa pia uchungu wa bibi anayemwona mjukuu wake akishindwa kusema mstari mmoja kwa sababu lugha ya bibi haimo tena kinywani mwake.

Uchungu huo ndio uliowaamsha. Wazazi wengi wa kizazi cha kwanza walikuwa wamesadiki, na mara nyingine wameshauriwa, kwamba mtoto atafaulu shuleni ikiwa atazungumza Kiingereza peke yake hata nyumbani. Matokeo yake watoto wengi walikua bila lugha ya wazazi, na wakati huohuo hawakufanya vizuri shuleni kama ilivyotarajiwa. Kwa lugha ndogo kama ya Niue na ya Visiwa vya Cook hatari ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu wasemaji wake waliozaliwa Nyuzilandi walikuwa wachache mno.

Kiota cha lugha

Mwaka 1982 Wamaori walifungua kituo chao cha kwanza cha aina mpya huko Wainuiomata, karibu na Wellington. Waliviita vituo hivyo kohanga reo, yaani kiota cha lugha. Wazo lake lilikuwa rahisi. Wazee ambao bado wanaijua lugha wakae na watoto wadogo kutwa nzima, wacheze nao, wale nao, waombe nao, na yote yafanyike kwa Kimaori. Kama vile kinda anavyopata joto kiotani, ndivyo mtoto apate lugha.

Wapasifika walikuwa wameanza kuwa na vikundi vyao vya watoto tangu miaka ya 1970, na mfano wa Wamaori uliwapa nguvu mpya. Katika miaka ya 1980 vituo vilifunguliwa kwa wingi, vingi katika kumbi za makanisa, vikiongozwa na akina mama wa usharika, wake za wachungaji na bibi. Wasamoa waliviita a'oga amata, maana yake shule ya kuanzia. Watu wa Visiwa vya Cook waliviita punanga reo, nao wakimaanisha kiota cha lugha.

Mfano mmoja unaojulikana sana ni A'oga Fa'a Samoa cha Auckland, kilichoanza mwaka 1984. Mwaka 1990 kilikuwa kituo cha kwanza cha Wapasifika nchini humo kupata leseni. Kipo katika eneo la shule ya msingi ya Richmond Road, ambayo nayo ilianzisha madarasa ya lugha mbili, Kisamoa na Kiingereza. Hivyo mtoto anapofikisha umri wa shule havushwi ghafla kwenda mahali ambapo hakuna anayemwelewa.

Kituo hicho kilipofanya utafiti juu ya utendaji wake wenyewe katika miaka ya 2000, jambo moja lilijitokeza. Mtoto anapohama kutoka chumba cha wachanga kwenda chumba cha wakubwa, mwalimu aliyemzoea huhama pamoja naye na kundi lake. Kwa mila ya Kisamoa, uhusiano kati ya mtu na mtu hutunzwa, haukatwi ovyo. Walichofanya ni kuichukua desturi ya nyumbani na kuifanya utaratibu wa kituo.

Je, mtoto anayelelewa kwa Kisamoa hatachelewa Kiingereza? Wazazi waliuliza hivyo pia. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba mtoto akishajua maana ya "kubwa na ndogo", "mbele na nyuma", "kwanza na mwisho" kwa lugha anayoielewa, hajifunzi maana hizo upya anapokutana na lugha ya pili. Anajifunza maneno tu. Mtoto aliyezoea kusimuliwa hadithi huja shuleni tayari anajua hadithi ina mwanzo na mwisho. Lugha ya kwanza iliyokomaa huibeba ya pili. Zaidi ya hapo, mtoto wa Auckland anasikia Kiingereza dukani, barabarani na kwenye televisheni kila siku. Lugha iliyo hatarini ni ile ya bibi.

Mtaala unaoitwa mkeka

Mwaka 1996 Nyuzilandi ilitoa mtaala wake wa elimu ya watoto wadogo uitwao Te Whāriki, ambao ulifanyiwa marekebisho mwaka 2017. Jina hilo la Kimaori maana yake ni mkeka uliosukwa. Uliandikwa kwa Kiingereza na Kimaori, kwa ushirikiano wa wataalamu wa pande zote mbili: Helen May, Margaret Carr, Tilly Reedy na Tamati Reedy.

Mkeka huo una misingi minne na nyanja tano. Moja ya misingi minne ni familia na jamii. Nyanja tano ni ustawi wa mtoto, kujisikia kuwa wa mahali fulani, kutoa mchango wake, kuwasiliana, na kuvumbua. Wasomaji wetu watagundua kwamba hakuna uwanja unaoitwa "kusoma" au "hesabu". Hayo yamo ndani, lakini yamesukwa pamoja na mengine. Kila kituo kinatakiwa kusuka mkeka wake kwa kufuata watoto na jamii yake. Kwa Wapasifika, ambao ni mafundi wa kusuka mikeka, lugha hiyo ilieleweka bila mhadhara.

Namna ya kupima maendeleo ya mtoto nayo ni ya kutafakari. Vituo vingi hutumia njia iliyoanzishwa na Margaret Carr ya kuandika hadithi fupi ya kile mtoto alichofanya. Mwalimu anaandika, kwa mfano, kwamba leo mtoto fulani alijaribu kujenga daraja la vipande vya mbao, likaanguka mara tatu, akamwomba mwenzake amshikilie upande mmoja. Chini yake mwalimu anaeleza mtoto alijifunza nini na hatua inayofuata ni ipi. Hadithi inawekwa pamoja na picha katika daftari la mtoto, inapelekwa nyumbani, na mzazi au bibi anaongeza yake. Hebu fikirini: katika daftari la namna hiyo, zile punje ishirini za mahindi zingeandikwa na nani?

Upendo peke yake haukutosha

Tusije tukawapa wasomaji picha ya uzuri mtupu. Vituo vilivyoanzishwa kwa imani na upendo vilikumbana na matatizo ambayo kamati zetu zinayajua vizuri.

Kwanza ni majengo. Ili kupata leseni na ruzuku kamili ya Serikali, kituo lazima kitimize masharti. Kanuni za mwaka 2008, kwa mfano, zinataka kila mtoto awe na nafasi ya mita za mraba 2.5 ndani na mita za mraba 5 nje, na kwa watoto walio chini ya miaka miwili mtu mzima mmoja asiangalie zaidi ya watoto watano. Ukumbi wa kanisa uliojengwa kwa ajili ya ibada na harusi hauna vyoo vya kimo cha mtoto wala uzio wa uwanja. Usharika ulilazimika kuchangisha ili kufanya ukarabati, au kubaki na kikundi cha kucheza kisicho na leseni, ambacho ruzuku yake ni ndogo.

Pili ni walimu. Bibi anayejua nyimbo zote, methali zote na jina la kila mti hakuwa na cheti. Kanuni zilidai kwamba angalau nusu ya walimu wa kituo wawe na sifa zinazotambuliwa. Akina mama wengi walirudi masomoni wakiwa na umri mkubwa, wakisomea ualimu kwa Kiingereza usiku huku mchana wakifundisha kwa Kisamoa au Kitonga. Serikali ilitoa ufadhili wa masomo kwa walimu Wapasifika, na vyama vya kitaaluma vya Wapasifika wenyewe viliwatia moyo. Hata hivyo ilichukua miaka mingi, na si vituo vyote vilivyovuka.

Tatu ni gharama na muda. Wazazi wengi wa Auckland Kusini wanafanya kazi za zamu viwandani, uwanja wa ndege na katika usafi wa maofisi. Mzazi anayerudi nyumbani asubuhi hana basi la kumpeleka mtoto kituoni saa tatu. Mara nyingi anayebaki na mtoto ni bibi au shangazi. Kwa familia hizo, kutompeleka mtoto hakukuwa uzembe. Ama kituo kilikuwa mbali, au kilijaa, au kilifanya kazi saa ambazo haziwafai, au hapakuwa na mtu ndani yake aliyejua kutamka jina la mtoto.

Serikali iliweka mikakati kadhaa. Kuanzia Julai 2007 ililipia hadi saa 20 kwa wiki kwa watoto wa miaka mitatu na minne, zisizozidi saa sita kwa siku. Mwaka 2012 ilitangaza lengo kwamba ifikapo mwaka 2016 watoto 98 kati ya kila 100 wanaoanza shule wawe wamepitia elimu bora ya awali. Watumishi walitembelea familia nyumba kwa nyumba, na vikundi vya kucheza vyenye msimamizi vilifunguliwa katika maeneo yenye uhitaji. Mahudhurio yalipanda, na watoto wa Pasifika ni miongoni mwa walioongezeka sana. Lakini lengo la asilimia 98 halikufikiwa, na watoto wa Pasifika waliendelea kuwa nyuma ya wenzao wenye asili ya Ulaya.

Nne, na pengine kubwa kuliko yote: watoto wengi wa Pasifika hawasomi katika vituo vya Wapasifika, bali katika vituo vya kawaida vya Kiingereza. Vituo vya lugha ni vichache kuliko watoto. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo uitwao Tapasā, unaomsaidia mwalimu yeyote kumwelewa mtoto wa Pasifika na familia yake. Mwaka 2020 ulifuata mpango wa utekelezaji wa elimu kwa Wapasifika wa miaka kumi, hadi 2030. Mwongozo huo unamtaka mwalimu ajue utambulisho, lugha na utamaduni wa mtoto, ajenge uhusiano wa heshima na familia, na afundishe kwa namna inayomfaa mtoto huyo. Kwa maneno mengine, ikiwa mtoto hawezi kwenda kwenye kiota, mwalimu aliyepo ajifunze kukitambua kiota alichotoka.

Mafunzo kwa sharika zetu

Mazingira yetu ni tofauti. Hatujahama nchi yetu, na Kiswahili si lugha ya mgeni. Ni lugha yetu ya taifa, ya ibada na ya elimu ya awali katika shule za umma. Hatushauri chekechea zetu ziache Kiswahili. Hata hivyo tunaona mambo manne ambayo kamati inaweza kuyafanyia kazi.

1. Lugha ya nyumbani isionekane kuwa ujinga. Katika sharika za vijijini mtoto wa miaka mitatu au minne huja na lugha ya mama yake. Mwalimu anaweza kumpokea kwa salamu ya lugha hiyo, kumwachia ahesabu na kuimba kwayo, kisha kumvusha taratibu kuingia Kiswahili. Pale mwalimu asipoijua lugha hiyo, usharika una akina bibi. Waalikwe siku moja au mbili kwa wiki kusimulia na kuimba.

2. Tuwe waangalifu na ubao ulioandikwa "English Medium". Wazazi wana haki ya kuwatakia watoto wao Kiingereza, na hatuwalaumu. Lakini mwalimu ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, akimfundisha mtoto ambaye hata Kiswahili hakijamkaa, anawapoteza wote wawili. Wapasifika walijaribu njia ya kuiacha lugha ya nyumbani ili kupata ya shule, na wengi wao waliishia kujuta.

3. Usajili na mafunzo si usumbufu. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinapaswa kusajiliwa. Kamati ambazo bado hazijakamilisha taratibu hizo ziwaone maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri mapema. Aidha, mwalimu anayejitolea kwa moyo anastahili kupelekwa mafunzoni, na anastahili mshahara unaofika kwa wakati. Tumeona walimu wazuri wakiondoka kwa sababu sadaka ya chekechea ilihamishiwa kwenye paa la kanisa.

4. Wazazi wawe wasukaji, wasiwe walipa ada tu. Kila mtoto awe na daftari lake la hadithi, hata la kurasa arobaini. Mwalimu aandike mara moja kwa mwezi, nyumbani waongeze. Mzazi asiyejua kuandika asimulie, mwalimu aandike. Gharama yake ni ndogo kuliko ya dawati moja.

Sasa turudi kwenye swali la wajumbe. Darasa la awali la shule ya msingi linampokea mtoto anapokaribia kuanza shule. Kabla ya hapo ana miaka miwili, mitatu, minne, na mtu wa kumwangalia mara nyingi ni dada yake wa miaka tisa. Pengo hilo ndilo linaloweza kujazwa na usharika. Hata mpango wa Taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto uliozinduliwa mwaka 2021 ulitambua kwamba miaka hiyo ya kwanza inahitaji familia, jamii, taasisi za dini na Serikali kufanya kazi pamoja. Kwa hiyo ushauri wetu kwa kamati zinazofikiria kupangisha chumba cha chekechea ni huu: kabla ya kupiga kura, wajumbe wakae asubuhi moja katika chumba hicho.

Neno kwa wafadhili wetu

Kwa ndugu zetu mnaotuunga mkono, ndani na nje ya nchi, tunawashukuru kwa moyo. Tunapenda pia kukiri jambo. Taarifa zetu za nyuma zimehesabu vyumba, madawati na matundu ya vyoo. Vyote hivyo ni muhimu, na bado tunavihitaji. Lakini hatukuwahi kuwaandikia kama mtoto alieleweka na mwalimu wake, wala kama bibi yake aliwahi kuvuka kizingiti cha mlango. Kuanzia sasa tutajitahidi kuyaeleza hayo pia, hata pale ambapo majibu hayatatupendeza. Tunaomba nanyi mkubali kwamba mafunzo ya mwalimu mmoja kwa miaka miwili hayana picha nzuri ya kupiga kama ukuta mpya, lakini kazi yake hudumu muda mrefu kuliko rangi ya ukuta huo.

Yule mtoto wa milimani ameshaanza kuzungumza darasani. Mwalimu wake alijifunza kuhesabu hadi kumi kwa lugha ya nyumbani kwa mtoto, na watoto walimcheka sana alipokosea saba. Katika daftari, yale maneno "hajui kuhesabu" yamekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni pameandikwa tarehe na jina la bibi.

Bwana aliyewakemea wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimfikie atusaidie sisi tusiwe wazuiaji. Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.